Kilo Hamsini na Sita

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Ijumaa, mizani ya chumba cha maiti mjini Kisii ilisoma kilo hamsini na tano nukta sita.

Inspekta Mokeira aliomba mwili ushushwe, sinia la chuma lipimwe peke yake, kisha mwili upandishwe tena. Mhudumu alimtazama kama mtu aliyeambiwa afunge mlango ambao ameshaufunga, lakini akafanya. Hamsini na tano nukta sita. Mokeira aliiandika namba hiyo mara mbili, moja chini ya nyingine, na saa kando yake.

Marehemu alikuwa Nyasani Ombui, miaka ishirini na miwili, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa chuo kikuu na mchezaji wa taekwondo. Alikutwa Alhamisi saa nane mchana nyumbani kwao Nyansiongo, ndani ya kivungulio, kile kibanda cha plastiki ambamo baba yake hupanda nyanya. Alikuwa amevaa fulana mbili na jaketi la baridi. Juu ya jaketi alikuwa amejizungushia kipande cha nailoni ya kivungulio na kukifunga kiunoni kwa kamba ya katani. Kivungulio kilikuwa kimefungwa kwa ndani.

"Jeraha hakuna," alisema daktari aliyempasua. "Kibofu kikavu, damu nzito. Ni joto na kukosa maji. Moyo ulishindwa."

"Tangu jana anaweza kuwa amepungua kilo ngapi kwenye jokofu?"

"Gramu, Inspekta. Si kilo."

Nje, Konstebo Obwocha alikuwa ameegemea gari akila ndizi ya kuiva. Alikuwa kijana mchangamfu, na tangu jana alikuwa na jibu.

"Madam, hii imeisha. Kocha alimkausha kama omena."

Jibu hilo halikuwa la Obwocha peke yake. Kocha Ogoti wa timu ya taekwondo ya chuo alikamatwa Alhamisi saa kumi na moja jioni kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ujumbe kwenye simu ya marehemu, uliotumwa Jumanne usiku: *Ukipita 58 Ijumaa usipande gari. Nafasi nitampa mwingine.* Ya pili ni vidonge vyeupe kumi na vinne, visivyo na jina, vilivyokutwa kwenye mkoba wa kocha. Mkuu wa upelelezi alikuwa ameshapiga simu mara mbili asubuhi hiyo. Faili iwe mahakamani Keroka kabla ya saa tisa, shtaka la kuua bila kukusudia.

"Vidonge nimevionyesha famasia," alisema Obwocha, sauti ikipungua kidogo. "Ni vitamini."

"Basi imebaki sababu moja. Alitakiwa afike kilo ngapi?"

"Hamsini na nane. Isizidi. Ndiyo daraja lake kwenye mashindano ya leo."

"Na huyu ana ngapi?"

"Hamsini na tano na nusu."

"Anayekimbilia gari akilifikia hupanda," alisema Mokeira. "Huyu alilipita akaendelea kukimbia. Nataka kujua kwa nini. Twende Nyanchwa, kwa mwalimu aliyempima wiki hii."

Dakta Celestine Bosire alikuwa anaishi kwenye mteremko wa kilima cha Nyanchwa, hatua chache kutoka kanisani. Kwa kuwa ilikuwa Ijumaa alikuwa anapika chakula cha Sabato mapema. Mikono yake ilikuwa na utomvu wa matoke. Alifundisha sayansi ya mazoezi chuoni, na mwaka huo alikuwa anapima miili ya wanafunzi wanamichezo: urefu, uzito, mafuta, misuli, upana wa mifupa. Alikuwa ameshapima themanini na sita.

Alifuta mikono, akaleta fomu.

"Nyasani nilimpima Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, hajala, hajanywa. Kilo hamsini na tisa nukta sita." Alionyesha kifaa kama koleo. "Hiki hubana ngozi na kusoma unene wa mkunjo. Sehemu saba, daima upande wa kulia, kila sehemu mara mbili. Mafuta yake yalikuwa asilimia sita."

"Sita ni kidogo?"

"Wakimbiaji wangu wana nane, tisa. Makipa wa kandanda kumi na nne. Wa raga ni mapande ya watu, siwahesabu hapa. Sita ndiyo ya chini kabisa katika themanini na sita." Alichukua kalamu akafanya hesabu pembeni mwa fomu. "Asilimia sita ya uzito wake ni kilo tatu na nusu hivi. Ukiyatoa mafuta yote, jambo ambalo haliwezekani mtu akiwa hai, inabaki hamsini na sita. Hiyo ni mifupa, misuli, damu na maji."

"Leo asubuhi alikuwa hamsini na tano nukta sita."

Dakta Celestine aliweka kalamu chini.

"Basi ametoa maji," alisema. "Hakuwa na kingine cha kutoa."

"Alijua?"

"Nilimpa nakala ya hiyo karatasi. Nikamweleza kwamba kilo moja na nusu inawezekana kwa shida, kwa kuacha chumvi na kupunguza maji siku ya mwisho. Zaidi ya hapo, hapana. Alielewa. Alikuwa mwanafunzi mzuri, Inspekta. Alitaka kujua namna ninavyokokotoa."

"Kocha ulimweleza?"

"Namba ni siri ya mwenye mwili. Ndiyo maadili ya utafiti, na nilitia sahihi." Alitazama sufuria iliyokuwa inachemka nyuma yake, akaiacha ichemke. "Ningempigia kocha ningekuwa nimevunja kanuni moja."

Mokeira aliomba nakala ya fomu, akaipata, akashukuru. Walipopita soko la Birongo Obwocha alisema, "Lakini madam, kama alijua kikomo, alikipita vipi?"

"Hilo ndilo swali la leo."

Saa nne na dakika ishirini Kocha Ogoti aliletwa kwenye chumba cha mahojiano cha kituo cha polisi cha Nyansiongo. Alikuwa mtu wa miaka arobaini, mabega mapana, viatu bila kamba na suruali bila mshipi, kama ilivyo desturi ya mahabusu. Kabla ya kukaa aliuliza kama timu imepima uzito.

"Kaa," alisema Mokeira. "Ujumbe huu ni wako?"

"Ni wangu. Huwaandikia wote hivyo. Wanafunzi bila kuwatisha wanakula chapati mpaka asubuhi ya mechi."

"Ulimwagiza apunguze kilo ngapi?"

"Moja na nusu tangu Jumatatu. Kila mtu hupunguza, madam. Hata mimi nilipunguza."

"Rekodi ya simu inaonyesha alikupigia Jumatano saa nne na dakika thelathini na nne. Mlizungumza dakika moja na sekunde kumi na mbili."

Ogoti alijikuna shingo. "Alikuwa analia karibu. Akasema, 'Kocha, nimefunga siku mbili na nimeongezeka. Niko sitini.' Nikamwambia, wewe kijana, wacha masihara, mtu hafungi akaongezeka. Umekula kwa mama. Akaapa hajala."

"Ukasema nini tena?"

Obwocha alikoma kuandika.

"Nikasema, 'Basi toka jasho.'"

"Maneno hayo?"

"Hayo hayo. Yaandike. Nikakata simu, nilikuwa na watu ofisini."

"Alipimwa kwa mizani gani?"

"Sikuuliza."

"Alikuwa nyumbani Nyansiongo, mbali na mizani ya chuo, akakutajia sitini kamili. Na hukuuliza amepimwa wapi?"

"Sikuuliza, madam." Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, "Ningeuliza, ningemwambia aje apimwe kwa mizani yetu."

Mokeira alifunga daftari. Katika mlango alimwambia Obwocha afungue tena picha alizopiga kivungulioni jana. Picha ya kumi na moja ilikuwa ya nguzo ya mbao karibu na mlango. Juu yake palikuwa na maandishi ya mkaa.

"Hizi ulisema ni nini?"

"Hesabu za nyanya, madam. Mzee mwenyewe alisema. Kreti alizovuna."

Mokeira aliikuza picha. Mistari ilikuwa mitatu:

*J5 58 + 2 = 60*
*ALH 57 + 2 = 59*
*56 + 2 = 58*

"Jumatano. Alhamisi. Mstari wa tatu hauna siku," alisema. "Kwa sababu siku yake haikuwa imefika. Hapo ndipo alipokuwa anaelekea. Umewahi kuona nyanya zinazopungua kreti moja kila siku na kila siku zinaongezwa mbili?"

Obwocha alizitazama namba upya. "Kwa hiyo alisoma hamsini na nane, akaiita sitini. Ya nini kuongeza?"

"Mtu huongeza anapojua mizani inapunguza."

Obwocha alikuwa mtoto wa mkulima wa chai. Mokeira aliona wazo likimfikia.

"Kituo cha majani," alisema konstebo.

Boma la Mzee Ombui lilikuwa chini kidogo ya barabara, kati ya shamba la mahindi na robo ekari ya chai. Turubai la waombolezaji lilikuwa limeshatundikwa. Wanawake walikuwa ndani na mama wa marehemu. Mzee mwenyewe, wa miaka sitini na mmoja, mwembamba, mwenye kofia ya sufu, alikuja kuwalaki kabla hawajafika chini ya turubai.

"Bwakire, tata," alisalimia Mokeira kwa Ekegusii, kama mtu anavyomsalimia baba wa mtu. "Tunawapa pole tena."

"Bwakire buya, mama. Yule mtu amepelekwa Keroka?"

"Bado."

"Bado? Mnangoja nini? Aliniulia mtoto kwa simu. Simu ninyi wenyewe mmeisoma!"

"Nina maswali mawili ndiyo nimalize. Yale maandishi ya nguzoni ni ya nani?"

"Nilimwambia huyu kijana jana. Ni nyanya."

"Mwandiko ni wako?"

Mzee aliitazama kofia yake, ambayo sasa ilikuwa mkononi. "Ni… tunaandika wote."

"Jumatano asubuhi Nyasani alijipima uzito mahali, tata. Hapa kwenu mizani ipo?"

"Mizani mimi nitaitoa wapi?"

Mokeira hakumbishia. Alimwomba afuatane nao hadi kituo cha kununulia majani chai, mwendo wa dakika sita kwa miguu. Dukani njiani alisimama akachukua pakiti tano za unga wa mahindi, kila moja kilo mbili, akampa Obwocha abebe.

Kituo kilikuwa banda la mabati lenye meza ya kupangia majani na mizani ya kuning'inia, uso wake mviringo kama saa. Mnyororo wa banda ulikuwa na funguo mbili: moja ya karani, moja ya mwanakamati wa wakulima. Karani, mwanamke wa makamo anayeitwa Drusilla, alikuwa ameshaitwa kwa simu. Mwanakamati alikuwa Mzee Ombui.

"Hii mizani ilikuwa inakula?" Mokeira alimuuliza karani.

Drusilla alimtazama mzee kwanza, kisha Inspekta. "Ilikuwa inakula, madam. Sindano ilianzia kilo mbili nyuma ya sifuri. Tuliambiwa kilo moja ni ya gunia, moja ya umande. Hata kama jua limewaka mwezi mzima, umande ulikuwepo."

"Ilikuwa?"

"Ilirekebishwa Jumatatu. Watu wa vipimo walikuja saa tano. Tazama, lakiri ya risasi hii hapa, tarehe imegongwa juu."

Mokeira aliisoma tarehe. Ilikuwa ya Jumatatu hiyo. Akampa Obwocha ishara. Konstebo alitia pakiti tano za unga katika gunia jepesi, ambalo lilikuwa limepimwa tupu na halikusogeza sindano, akalitundika kwenye ndoano. Sindano ilicheza, ikatulia kwenye kumi.

"Mizani inayokula mbili ingesoma nane," alisema Mokeira. "Karani, wakulima waliambiwa?"

"Niliwatangazia mwenyewe Jumatatu jioni, wakiwa kwenye foleni. Wakacheka." Drusilla alikunja mikono kifuani. "Hata wewe, tata, ulikuwa hapo. Ulisema hata malaika akishuka aishike hiyo mizani, wewe utaongeza mbili. Watu wakapiga makofi."

Mzee Ombui alikuwa anaitazama sindano.

"Miaka saba," alisema hatimaye. "Barua tatu nimeandika mimi, kwa mkono huu. Mara mbili walikuja wakasema wamerekebisha. Mara mbili nikaweka kilo zangu, zikaliwa. Mtu atakuambia mara ya tatu umwamini?"

"Si rahisi," alisema Mokeira.

"Si rahisi. Huyu binti amesema kweli, nilicheka."

"Jumatano, tata."

"Jumatano saa nne asubuhi nilifungua hapa na ufunguo wangu. Alishika ndoano kwa mikono miwili akainua miguu. Mimi nikasoma. Hamsini na nane. Akafurahi, akaruka chini, akasema, 'Baba, nimefika.' Nikamwambia, hapana. Hao ni wezi. Ongeza mbili."

Obwocha alikuwa anatazama pakiti za unga.

"Akauliza?" alisema Mokeira.

"Akauliza, 'Baba, una hakika?' Nikamwambia nimepima majani hapa kabla hujazaliwa. Alhamisi asubuhi tukapima tena, hamsini na saba, na tena nikaongeza mbili."

"Nailoni ilitoka wapi?"

"Mimi nilikata. Ilibaki tulipobadilisha paa. Alisema anataka joto. Sikujua joto linaua mtu aliyekaa tu." Kisha akauliza, kama anayethibitisha uzito wa gunia lake, "Kwa hiyo Jumatano alikuwa ngapi? Kwa haki."

"Hamsini na nane."

"Na wao walitaka ngapi?"

"Hamsini na nane. Isizidi."

"Basi alikuwa amefika."

"Alikuwa amefika, tata."

Mzee alikaa juu ya meza ya kupangia majani, jambo ambalo Drusilla hakumruhusu mtu yeyote kulifanya, na safari hii hakulikataza.

Ilikuwa saa sita na dakika arobaini na tano. Mokeira alisimama mbele ya mzee akamweleza mambo yalivyo, bila kuyapamba. Namba za nguzoni zilikuwa za mkaa, na wakili yeyote angesema ni nyanya. Mazungumzo ya Jumatano hayakuwa na shahidi mwingine. Saa tisa faili ingesomwa Keroka. Kama ingekuwa na ujumbe wa simu peke yake, Ogoti angeshtakiwa.

"Na kama nikisema?"

"Utaandika maelezo. Mimi nitayapeleka kama yalivyo. Mkubwa wangu ataamua, na sitakuahidi atakachoamua kuhusu wewe."

"Mama yake yuko pale nyumbani," alisema mzee. "Tangu jana anamlaani yule mtu kwa jina. Mimi ndiye niliyemfundisha jina lenyewe."

"Naelewa."

"Yule kocha ana makosa?"

"Anayo. Alimwambia atoke jasho, akakata simu. Hilo limeandikwa. Lakini namba hakumpa yeye."

Upande wa barabara watu wawili wenye vikapu mgongoni walisimama kuona gari la polisi, wakamwona mzee juu ya meza, wakaendelea na safari yao. Mzee Ombui alivaa kofia.

"Mtaandikia hapa au kituoni?"

"Kituoni ni bora. Na ukitaka mtu wa kukaa nawe, unayo haki."

"Mtu gani?" alisema. "Twende."

Obwocha ndiye aliyeandika. Mzee alitoa maelezo kwa Kiswahili, na pale kilipomkwamia alisema kwa Ekegusii na Mokeira akauliza tena mpaka maneno yakakaa sawa. Alitaja saa, alitaja funguo, alitaja barua tatu. Alipofika kwenye neno *ongeza*, Obwocha alimuuliza kama angependa kupumzika. Alisema hapana, aandike.

Maelezo yalisomwa kwake kwa sauti. Alirekebisha sehemu moja tu: palipoandikwa kwamba alimshauri mtoto aongeze kilo mbili, alitaka paandikwe kwamba alimwamuru. Mokeira alilikata neno hilo kwa mstari wa kalamu, akaandika neno jipya juu yake, na wote watatu wakatia herufi zao za kwanza pembeni. Saa saba na dakika arobaini mzee alitia sahihi ukurasa wa mwisho.

Mkuu wa upelelezi alisomewa maelezo hayo kwenye simu. Aliuliza tarehe ya lakiri, akaambiwa. Akasema Ogoti aachiwe kwa dhamana ya kituo na faili irudi kwake yote, pamoja na unga.

Saa nane kasoro dakika tano mlango wa mahabusu ulifunguliwa. Ogoti alirudishiwa mshipi, kamba za viatu, simu na vidonge kumi na vinne. Mokeira alimweleza kwa sentensi nne mizani ilivyokuwa. Aliuliza baba wa kijana yuko wapi. Aliambiwa yuko nje, kwenye benchi lililo chini ya dirisha la dawati la ripoti.

Ogoti alitoka. Alisimama mbele ya benchi, kamba za viatu zikiwa bado mkononi. Mzee Ombui alisogea kidogo upande mmoja, na Ogoti akakaa.